Data za mwinuko: pakua za bure kabla ya kutoa hela

Anayekuuzia faili la mwinuko la mita 30, yaani lenye namba moja ya urefu kwa kila mraba wa mita 30, anakuuzia kitu cha bure. Kwa kontua za milima ya Usambara au ramani ya mteremko wa wilaya nzima, anza na hizi, kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni Copernicus GLO-30. Imetokana na rada za satelaiti za Kijerumani, TanDEM-X, zilizopima kati ya 2010 na 2015, na leseni yake inaruhusu hata kazi ya biashara mradi utaje chanzo. Ingia tovuti ya OpenTopography, chora mstatili juu ya eneo lako, pakua, fungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Basi. Ila rada hurudishwa na kile inachokutana nacho juu: Kariakoo utapewa mapaa, msituni utapewa miti. Chora mkato, yaani mstari wa kuonyesha urefu unavyopanda na kushuka, kutoka mashamba ya Lushoto hadi ndani ya msitu wa Magamba, utaona ardhi inaruka ghafla ukingoni mwa msitu. Hicho si kilima.

Ndiyo maana kwa mafuriko naitanguliza FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol: ni Copernicus ileile, miti na majengo yakiwa yameondolewa kwa hesabu za kompyuta. Toleo la bure haliruhusu biashara, kwa hiyo mhandisi mshauri asome leseni kwanza.

Ya tatu ni SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 Februari 2000. Ukiihitaji, chukua NASADEM, ambayo ni hiyohiyo iliyosafishwa. AW3D30 ya Wajapani haina ubaya. ASTER iache, ina chenga nyingi.

Usichanganye vipimo bila kuuliza sifuri iko wapi. Copernicus hutumia EGM2008, SRTM hutumia EGM96, zote mbili modeli za usawa wa bahari, na GPS ya mpimaji huweza kukupa urefu juu ya ellipsoidi, umbo laini la dunia la kihesabu. Kwa Dar es Salaam tofauti kati ya ellipsoidi na usawa huo wa bahari inapita mita 20.

Mfereji wa Jangwani, Dar es Salaam, ni habari nyingine. Pikseli moja ya mita 30 ni mita za mraba 900: mfereji, uchochoro na nyumba kadhaa vyote vinapewa namba moja. Hapo lipia droni, yenye kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na mpimaji wa kuweka alama za ardhini. Kwenye mkataba andika wazi kwamba unataka modeli ya ardhi tupu pamoja na pointi zote ghafi, la sivyo utaletewa mapaa tena, safari hii kwa bei.