Preston 1888-89 na Millwall 1894-95, nani zaidi?

Wadau, kila mtu anajua habari za Preston North End, msimu wa kwanza kabisa wa Football League (ligi ya soka ya Uingereza), timu 12 zote za kaskazini na katikati ya Uingereza, mechi 22, wakashinda 18 na kudroo 4, hakuna aliyewapiga. Juu yake wakabeba FA Cup, kombe la mtoano, bila kuruhusu goli hata moja, fainali Wolves akala 3-0.

Sasa Millwall Athletic nao walimaliza ligi bila kufungwa kule kusini na hawasemwi kabisa! Southern League ilianza 1894, daraja la kwanza timu 9 tu, wao wakacheza 16, wakashinda 12, droo 4, ubingwa huo. Klabu iliyoanzishwa 1885 na wafanyakazi wa kiwanda cha jamu pale Isle of Dogs, jirani na bandari za London, mimi hiyo inanigusa sana aisee.

Ila tuwe wakweli, ligi hazilingani. Preston alikutana na Aston Villa, Everton, Blackburn Rovers, wachezaji wanaolipwa, na yeye mwenyewe kajaza Waskoti. Millwall alikuwa na Luton na Southampton St Mary's wa kumsumbua, lakini humohumo kulikuwa na Ilford na Clapton, timu za ridhaa, watu wanacheza bila mshahara.

Kwa ubora nampa Preston bila kusita. Kwa ubishi wa kutetea taji ngoma droo, maana wote wawili walilirudia msimu uliofuata.