Kipimo cha mkononi cha chai ya kijani: miezi mitano nacho Sinza

Nauza chai ya kijani. Majani nayatoa Usambara, nayafungasha kwenye chumba cha uani hapa Sinza, na kabla ya biashara hii nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwa miaka tisa. Mteja wangu mmoja wa Kinondoni aliponiuliza, "Dada, hii chai ina nguvu kweli au ni maneno ya kwenye pakiti tu?", swali lile lilinikaa rohoni, maana sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Mwezi wa kwanza nikanunua kipimo.

Ni kiboksi kidogo kuliko simu, kinaitwa potenshiostati, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Kina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Kinatumia vijiti kama vile vya kupimia sukari kwa wagonjwa wa kisukari. Kwenye ncha ya kijiti zimechapwa elektrodi tatu, mbili za kaboni na moja ya fedha. Unadondosha tone la chai, kiboksi kinapandisha volti taratibu, na katekini, yaani zile kemikali za kwenye majani zinazoipa chai ya kijani ukakasi wake, zinaachia elektroni zake. Elektroni hizo ni umeme, na simu inauchora kama mstari unaopanda na kushuka, yaani kilima. Kilima kikija kwenye volti ndogo, ujue zinaachia kwa wepesi, na wepesi huo ndio unaozifanya ziitwe antioksidanti. Urefu wa kilima unaonyesha zimo kiasi gani. Siku ya kwanza mstari ulipoanza kupanda kabla ya kufika volti 0.2, nilimwita mume wangu aje aone.

Kiboksi nilikinunua laki saba na nusu. Vijiti ndivyo vinavyouma: kila kimoja kilinifikia kwa shilingi 8,000 hivi, na ni cha kutumia mara moja. Nilidhani nitakisuuza nirudie. Usijaribu. Katekini ikishaachia elektroni, mabaki yake yanashikana na kutanda juu ya kaboni. Chai ileile, kijiti kilekile, kipimo cha pili kilima kilishuka karibu nusu. Cha tatu kikabaki kama tuta la barabarani. Nilisuuza kwa maji, nikajaribu na spiriti, wapi.

Jambo la pili ni maji. Sisi huku tunatumia kisima, na maji yake yana chumvi. Wiki nzima ya kwanza kilima kilikuwa kinahama, leo hapa kesho pale, mpaka nikakumbuka kwamba elektrodi ya fedha inafuata kiasi cha kloridi, ile ya kwenye chumvi, kilichomo kwenye tone. Sasa natumia maji ya chupa: gramu 2 za majani kwa mililita 100, maji ya nyuzi 80, dakika 5, halafu nazimua mara ishirini kwa bafa ya fosfeti ya pH 7, yaani maji ya dawa yanayoshikilia kiwango cha uchachu (pH) kisiyumbe, niliyotia kloridi ya potasiamu kwa kipimo kilekile kila siku. pH ikisogea kwa 1 tu, kilima kinasogea kama milivolti 60. Kijitabu cha maelekezo hakina hata sentensi moja kuhusu bafa, na hilo ni kosa kubwa. Mtu ambaye hajapita maabara atakitupa kabatini akidhani ni kibovu.

Kilichonifanya nikipende ni hiki. Mwezi wa tatu nilichukua majani ya mzigo mmoja, nusu nikaweka kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, nusu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, kama yanavyoning'inizwa madukani. Vyote vikakaa dirishani masika yote, na unyevu wa Dar unaujua. Mwezi wa sita nikapima, vijiti vitatu kila upande. Ya kopo ilikuwa karibu palepale ilipoanzia. Ya mfuko ilikuwa imeshuka kama theluthi. Nilionja zote mbili na ulimi wangu haukuona tofauti ya maana. Tangu siku hiyo sifungashi tena kwenye mfuko unaoonyesha.

Kina mipaka yake. Nilikamulia limao, kilima kikanenepa palepale, kwa sababu vitamini C nayo inaachia elektroni. Tangawizi nayo inajichanganya humo. Ile EGCG, katekini inayotajwa kwenye matangazo, huwezi kuitenga na wenzake, zote zinabebana kwenye kilima kimoja. Kuzitenga kunataka mashine ya kromatografia. Na mteja akiniuliza kama chai hii inashusha presha, namwambia kipimo hiki hakisemi hivyo.

Niliponunua vijiti, pakiti moja ilikuja imeshafunguliwa, haina hata kile kifuko cha kukausha unyevu, na majibu yake yalikuwa ya ovyo. Duka lilinizungusha wiki mbili kabla ya kunibadilishia. Kagua pakiti ukiwa bado kaunta.

Anayeuza mchaichai na tangawizi, hela hiyo ainunulie vifungashio. Anayeuza chai ya kijani tupu na ana mazoea ya pipeti, kile kidondoshi cha maabara, anunue.

Yule mama wa Kinondoni alirudi wiki iliyopita na mfuko wake wa zamani, umebaki nusu. Nikapima mbele yake, yake na ya kopo jipya. Aliangalia vilima viwili kwenye simu, akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakunywa hiyo fupi." Nikambadilishia kwa kopo, sikumtoza.