Uzoefu wangu na Overlord: vibwengo 50, rangi nne, na kwa nini naanza kuhesabu wa bluu

Nimeicheza gemu ya Overlord tangu minada ya korosho ilipoisha, na nimeimaliza mara mbili. Mara ya kwanza niliimaliza kwa jasho. Mara ya pili kila pambano lilikuwa raha, na kilichobadilika ni namna ninavyogawa kikosi kabla ya kuondoka kwenye mashimo ninakowaita wapiganaji wangu. Nimeona niliandike hili kwa sababu vijana kadhaa hapa Shangani, Mtwara, wamenisikia nikiisifu gemu hii, wakaijaribu, wakaiacha katikati wakidai imewashinda. Kila nikiangalia kikosi cha mmoja wao, nakuta kimejaa rangi moja.

Kwa asiyeifahamu: Overlord ilitoka mwaka 2007 kwa kompyuta na Xbox 360. Ilitengenezwa na Triumph Studios ya Uholanzi, na hadithi yake iliandikwa na Rhianna Pratchett. Wewe ni bwana mwovu aliyefufuliwa kwenye mnara uliobomoka. Una deraya na silaha yako mwenyewe, lakini kazi kubwa inafanywa na vijitu vinavyokufuata nyuma kwa kelele. Ndani ya gemu vina jina la Kiingereza. Sisi nyumbani tunawaita vibwengo, na jina limewakaa. Unaanza na wachache, na ukishafika mbali unaongoza hadi 50 kwa wakati mmoja. Hiyo 50 ndiyo fumbo lote. Ukiongeza mmoja wa rangi hii, umepunguza mmoja wa rangi ile.

Wa kahawia ndio wapiganaji wa mkono kwa mkono. Wanaokota silaha na kofia za waliouawa, na kuna wakati utawakuta wamevaa maboga kichwani, jambo ambalo mpwa wangu halimchoshi kulitazama. Wekundu wanarusha moto kutoka mbali, moto hauwadhuru, na ndio wanaozima moto unapofunga njia. Adui akiwafikia karibu, wanakwisha upesi. Wa kijani wanapita kwenye sumu bila kudhurika, na ukiwaweka mahali pa kuvizia wanajificha wasionekane mpaka adui apite, kisha wanamrukia mgongoni. Wa bluu wanaogelea, wengine wote maji yanawaua, na wana kipaji ambacho nilichelewa sana kukithamini: wanawafufua wenzao waliokufa.

Wa kahawia ndio unaopewa kwanza, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Unawazoea. Wanavunja, wanabeba, wanapiga, wanarudi na mali. Rangi nyingine zinapokuja unaziona kama funguo za milango tu: wekundu wa kuzima moto, wa kijani wa kusafisha sumu, wa bluu wa kuvuka maji, halafu unarudi kwa wa kahawia wako. Mimi nilitembea hivyo kwa muda mrefu, 40 wa kahawia na waliobaki wa kufungulia njia. Siku moja nilikuwa nakimbiza adui kando ya maji, nikawafagia vibwengo mbele kwa haraka, na 19 wakaingia kwenye kina. Wote walikuwa wamevaa silaha nzuri nilizozikusanya kwa siku nyingi. Nilikuwa na wa bluu 2 tu. Waliingia majini, wakatoa mmoja, wakatoa wa pili, na mizoga mingine ikatoweka kabla hawajafika. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi pembeni akisubiri zamu yake, akasema, "Mjomba, hao wa bluu ungekuwa nao 10, tungewapata karibu wote."

Maneno yale yalinirudisha mbali. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda Mikindani kwa ndugu zetu wavuvi, na kazi niliyopewa ngalawani ilikuwa kufua maji, yaani kuyachota yanayoingia chomboni na kuyamwaga nje. Hakuna anayemsifu mtoto wa kufua maji. Sifa ni za nahodha na za anayevuta mshipi. Lakini walikuwa hawang'oi nanga mpaka wahakikishe mfua maji yupo na kata yake ipo. Nilianza kuwaona wa bluu kwa jicho hilo. Sasa ninapofika kwenye mashimo, swali langu la kwanza ni nitapoteza wangapi huko niendako, na idadi ya wa bluu inatokana na jibu hilo. Nikishawaweka wao, nafasi zinazobaki ndizo ninazozigawa kwa wauaji.

Mgawo wangu wa kawaida kikosi kikiwa kimekamilika ni wa kahawia 22, wekundu 10, wa kijani 8 na wa bluu 10. Usiuchukue kama kanuni. Ukienda kwa vibeti wa milimani, ambako kuna wanaorusha moto, wekundu waongezwe na wa kahawia wapunguzwe. Njia ikiwa na sumu nyingi, wa kijani wasipungue 12.

Mgawo peke yake hautoshi usipojua kuwapanga. Gemu inakuruhusu kuweka alama ya ulinzi chini na kuchagua rangi ya kuikalia, na hapa ndipo Overlord ilipouteka moyo wangu. Chukua pambano na zimwi mwenye rungu. Ukiwatuma wa kahawia wote kumvaa usoni, kila akishusha rungu wanaruka vipande kadhaa kwa mpigo. Mimi hufanya hivi: kabla hajaniona, naweka wekundu mahali pa juu, ukingoni au kwenye mteremko, wapate kurusha moto bila kufikiwa. Wa bluu nawaacha nyuma, lakini wasiwe mbali mno, maana wanayemkimbilia hana muda mwingi. Wa kijani nawaweka kando ya njia atakayopita. Kisha naingia na wa kahawia wachache ili anifuate mimi. Anapopita, wa kijani wanampanda mgongoni. Anapohangaika nao, ndipo nawafungulia wa kahawia wote. Aliyepigwa rungu, wa bluu wanamwinua. Pambano lililokuwa likinigharimu nusu ya kikosi sasa nalimaliza nikiwa nimepoteza 3 au 4.

Kuna uwiano mwingine usioonekana uwanjani. Kila kibwengo unayemwita shimoni anatokana na nguvu ya uhai ya rangi yake, na nguvu hiyo unaipata kwa kuua viumbe. Kondoo malishoni, kwa mfano, wanakupa ya kahawia. Ya rangi nyingine hupatikana kwa shida zaidi, kwa hiyo ukiwatumia wekundu ovyo leo, kesho shimo lao litakuwa tupu na itakubidi uache safari uende kuwinda. Mnarani nako kuna tanuru la kutengenezea silaha, na unaweza kutoa vibwengo kafara humo ili upanga au deraya yako iwe kali zaidi. Kishawishi ni kikubwa. Ushauri wangu ni kwamba usiguse akiba ya rangi yoyote iliyo chini ya 50, hata silaha ikikutamanisha namna gani, kwa sababu upanga wako hautaogelea wala hautamfufua mtu.

Kuhusu kuicheza: kwa padi ya gemu, kijiti cha kulia ndicho kinachowafagia vibwengo, na mkono unakizoea haraka. Kwa mausi inahitaji siku chache zaidi. Kompyuta yangu ni ya mtumba na inaimudu vizuri, maana gemu yenyewe ni ya zamani, na nikishaiweka haili bando. Kwa sisi tunaotegemea bando la wiki, hilo lina uzito. Ina ukatili na utani wa kikubwa. Mpwa wangu ana miaka 17 na tunacheza pamoja. Kwa mdogo wake siifungui.

Ningeipa nyota 4 na nusu kati ya 5. Nusu nimeikata kwa sababu mwanzoni unakaa muda mrefu na wa kahawia peke yao, na mtu mwenye haraka anaweza kuondoka kabla hajaonja utamu wa rangi zote nne kufanya kazi pamoja.

Sasa tumeanza Overlord II ya mwaka 2009, ambamo wa kahawia wanapanda mbwa mwitu na wa kijani wanapanda buibui, na hesabu zetu zote inabidi zipangwe upya. Jana usiku mpwa wangu ndiye aliyekuwa na zamu. Alisimama kwenye mashimo muda mrefu, akawaita, akawarudisha baadhi, akawaita tena. Nikamuuliza anasubiri nini. "Subiri kidogo, Mjomba," akasema, "bado sijajua tunakwenda kupoteza wangapi."