Kadi ya grafiki ya sipiyu yangu kongwe: nyota moja, au tatu, sijui

Nyota moja ni ya yule kijana wa kaunta, na ingekuwepo ya chini zaidi ningempa hiyo. Jina la duka silitaji. Liko mjini Mombasa, hatua chache kutoka Digo Road, lina kibao kikubwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, lakini naona kibao kimewekwa juu ya Katiba.

Sipiyu yangu, yaani lile boksi la kompyuta, ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu, mtumba wa Uingereza, prosesa yake i5 ya kizazi cha tatu. Maofisi ya mji huu yamejaa hizo. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hasa za usiku wa kupamba. Asiyeijua Mombasa nimweleze: kupamba ni kwa wanawake peke yao, watu wamejiachia na nywele zao na nguo zao, hata simu watu hukatazwa kutoa. Anayepiga video ni mwanamke na anayehariri ni mwanamke. Kwa hivyo mashine yangu hailali kwa fundi mwanamume, hata awe nani. Hilo lishikeni, ugomvi wote umetoka hapo.

Baada ya Idi harusi zikafuatana, na sipiyu ikawa inakesha ikitoa video moja. Nilitaka kadi ya grafiki, ile ya kushughulikia picha na video, inayokula umeme wa sloti tu, yaani pale inapochomekwa kwenye bodi, kwa sababu pawa saplai ya Dell hii ni ndogo na haina ule waya wa pini sita. Sloti inatoa wati 75, basi. Kadi ya RX 580 wanayoisifia vijana wa gemu inakula wati 185 na inataka waya wake, kwa hivyo hiyo niliipita. GTX 1050 Ti ya 2016 haizidi wati 75, na ndani ina NVENC, sehemu maalumu ya kutengeneza faili ya video bila kuitesa prosesa. Nikaenda nikaiomba kwa jina.

Kijana akatoa boksi la kahawia, halina hata nembo. "Hii ndiyo yenyewe dadangu. Tena angalia, ina tundu la VGA, monita yako ya zamani inaingia moja kwa moja." Halafu hapo hapo akaniuzia adapta ya kuvuta umeme kwenye waya wa diski na kuufanya pini sita, ati toleo hili linataka hivyo.

Nyumbani Windows ikaisoma vizuri, jina kamili na gigabaiti zake 4. Nikaweka draiva, programu ya kuiendesha kadi, ya Nvidia wenyewe, watengenezaji wa chipu za 1050 Ti, skrini ikawa nyeusi. Nikaitoa draiva, ikawaka, lakini programu ya kuhariri ikasema haioni kadi yoyote. Ile plagi nyeusi ya adapta ukiigusa unaondoa kidole mbio, na chumba kizima kinanuka plastiki. Nikafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure ya kukagua kadi, nayo ikaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi.

Na kilichoniudhi zaidi ni lile tundu la VGA, ambalo ni la picha ya analogi, ya mtindo wa zamani. Chipu za ukoo wa 1050 Ti hazitoi picha ya analogi kabisa, Nvidia waliiondoa. Zile bandia mara nyingi ndani yake mna chipu kongwe, GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, imebadilishwa bayosi, programu yake ya ndani, ili ijitangaze kwa jina la mwingine. NVENC hazina. Yaani kile alichonisifia nacho ndicho kilichokuwa ushahidi wa wizi.

Nikarudi na kadi, risiti na picha ya skrini. Hakuitazama hata moja. "Dada, sipiyu yako ndiyo mbovu. Iache hapa hadi kesho tuiangalie."

Nikamwambia siwezi kuiacha, ina kazi za watu.

"Kazi gani hizo za siri?"

Video za kupamba, nikamjibu.

Akawageukia wenzake. "Basi iache, tutakuangalizia vizuri!" Wakacheka wote. Palikuwa na mama mmoja ananunua wino wa printa, akaweka mkoba wake juu ya kaunta, akainua nikabu kidogo, akamkazia macho yule kijana mpaka kicheko kikamfia mdomoni. Mama yule, popote ulipo, Mungu akuweke.

Nikasema nitaileta bila diski. Akanijibu bila diski hawawezi kuijaribu. Fundi wa kompyuta, dukani pake, hana hata flashi ya kuwashia Windows! Kisha akataka kunibadilishia na RX 6400, "hii ni mpya, ya 2022." Ni mpya kweli, lakini RX 6400 haina sehemu ya kutengeneza video hata kidogo, na kwenye bodi kongwe inapungua nguvu kwa vile inatumia njia nne tu za kupitishia data kwenye sloti. Nikamweleza hayo. Akaniuliza, "Kwani wewe ndiye fundi?"

Hapo ndipo mzee mwenye duka alipoingia, katoka kuswali alasiri. Akaichukua kadi, akaigeuza mara moja. "Hii ina VGA," akamwambia kijana, hakuongeza neno. Akafungua droo, akatoa 1050 Ti iliyotumika, imefungwa kwa gazeti, akaipachika kwenye mashine yake mwenyewe, akaniita, "Mwanangu, njoo uangalie hapa." GPU-Z ikaipitisha.

Na kadi, mashallah, siwezi kuisema vibaya. Imekaa kwenye sloti haina waya wowote. Video iliyokuwa ikinikesheza sasa inatoka nikiwa napika mahamri. Kitu kimoja tu, Nvidia washaanza kuziaga kadi za ukoo huu kwenye draiva mpya, kwa hivyo kama una pesa tafuta GTX 1650 isiyotaka waya. Na monita yangu imebidi niinunulie kibadilishi cha kutoka HDMI, tundu la kisasa, kwenda VGA. Nimekinunua duka jingine, kwa makusudi.

Kwa hivyo kadi ina nyota tano, mzee ana nne na kijana moja, kwa wastani duka lingepata kama tatu. Nilipoanza nilitaka kusema msiende, sasa nasema nendeni, ila muulizieni mzee na jaribuni kadi papo hapo kabla ya kutoa pesa. Ingawa mzee naye aliniongezea bei. Kaniuzia kadi ya droo, iliyotumika, badala ya bandia niliyolipia kama mpya, halafu akasema niongeze kidogo, nami kwa ile furaha ya kuitwa mwanangu nikatoa! Hapana, tatu ni nyingi. Na yule kijana bado yuko kaunta, nimempitia juzi, anamuuzia mtu boksi la kahawia.

Pesa ya adapta mzee alimwamuru anirudishie kwa M-Pesa jioni ile ile. Nampigia, simu inaita tu.