Betri ya nyumbani: ipi ununue, na usome nini kabla ya kusaini

Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliwafundisha wengi Dar es Salaam bei halisi ya samaki waliooza kwenye friji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na mgao ukapoa, ila nguzo bado zinaanguka na mvua bado inanyesha. Ndiyo maana betri zinauzwa, na siku hizi kila betri inakuja na karatasi ya kusaini. Mimi huanza na karatasi.

Kwanza kipimo. Hesabu kwa uniti, zile zile za LUKU. Taa tano, feni, televisheni, ruta na friji ya kawaida kwa pamoja hula wastani wa robo uniti kwa saa. Pasi na jiko la umeme usiviweke kabisa.

1. Lithiamu kwa taslimu. Tafuta aina ya fosfeti, iliyoandikwa LiFePO4. Ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inabeba uniti 5 na ushee, yaani mzigo ule wa juu unakufikisha asubuhi hata umeme ukikatika magharibi. Watengenezaji wengi huahidi mizunguko 6,000 ya kuijaza na kuitumia. Lakini ahadi hiyo iko kwenye waranti, na waranti ina maneno madogo: "miaka au mizunguko, kipi kitangulie", joto la chumba, na uwezo utakaobaki mwishoni, mara nyingi asilimia 70 au 80. Uliza nani anayeitoa, duka au kiwanda, na nani analipa usafiri betri ikirudishwa. Bila risiti ya EFD yenye namba ya betri, hapo huna cha kudai.

2. Lipa kidogo kidogo. Unatoa kianzio, kisha unalipa kwa simu hadi iwe yako. Zidisha malipo kwa miezi yote, ongeza kianzio, ulinganishe na bei ya taslimu. Usikubali kutajiwa malipo ya siku tu. Ukichelewa, kampuni huifunga kwa mbali: betri imejaa, nyumba giza. Mimi niliwahi kusaini bila kuuliza kitu kimoja, siku za matengenezo zinahesabiwaje. Betri ikakaa kwa fundi siku kumi na moja, na deni likaendelea kutembea. Kipengele kilikuwepo, ukurasa wa nne. Tafuta pia kinachosema ukishindwa katikati, ulicholipa kinaenda wapi.

3. Betri ya jeli. Ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, na ukitaka idumu unatumia nusu tu. Hata muda wa saa tano hautimii, mzigo wetu umeimaliza nusu hiyo. Joto nalo ni adui: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu, na stoo za Dar tunazijua. Inamfaa mwenye taa na televisheni, asiyetaka deni la mtu.

4. Kukodi. Betri inabaki ya kampuni, nawe unalipa kila mwezi bila mwisho. Mwenye nyumba yake sioni afuate nini huko. Texas, ambako mteja huchagua muuzaji wa umeme, kuna kampuni zinazofunga betri kwa sharti ununue na umeme wao, hivyo kuhama kimoja ni kuhama vyote. Huku, ukivunja mkataba wa betri, LUKU yako haiguswi. Omba gharama ya kuvunja iandikwe kwa shilingi.

Betri ya gari siiweki hata kwenye orodha. Imeundwa kuwasha injini, siyo kukesha.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya mawimbi safi ("pure sine wave"), la sivyo feni itanguruma usiku kucha. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla fundi hajatoboa ukuta, kisha hakikisha mkataba unasema nani analipa kuhamisha mtambo siku ukihama.