Manifoldi mpya ya inteki kwenye V8 ya zamani: uzoefu wangu na matundu yasiyokutana

Wenye haraka nawapa alama kabisa: karakana ya mashine nyota nne na nusu, manifoldi yenyewe (bomba la matawi linalogawa hewa na mafuta kwa silinda za injini) nyota tatu, na fundi wa kwanza aliyetaka kupanua kila tundu kwa drili simpi kitu, ingawa ni mtu mzuri na chai alininunulia.

Gari ni Range Rover ya mwaka 1985, V8 ya lita 3.5, yaani silinda nane katika safu mbili zilizopangwa kama herufi V. Kabureta zake mbili za awali zilishachoka, nikaagiza kutoka Uingereza manifoldi ya aluminiamu ya kubeba kabureta moja ya koo nne. Mzigo ulifika salama. Umbo zuri, njia za hewa safi ndani, ila kingo za flanji, zile nyuso bapa zinazofungwa kwenye injini, zilikuwa na vichomo vikali vya chuma ambavyo kiwandani wangepiga tupa kidogo tu vingeisha. Kwa bei ile, sikutarajia kufanya kazi hiyo mwenyewe.

Kabla ya matundu, neno kuhusu boliti, maana hapa Nairobi ndipo watu wengi huumia. Injini hii asili yake ni Marekani. Buick waliitoa mwaka 1961, Rover wakanunua haki zake mwaka 1965, na mpaka leo boliti zake za manifoldi ni za inchi: 3/8 UNC (aina ya thredi ya Kimarekani), thredi 16 kwa kila inchi. Ukienda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, na boliti moja mkononi ukaomba "kama hii", kuna hatari kubwa upewe M10, ya vipimo vya milimita. Kwa macho zinafanana. Lakini 3/8 ni milimita 9.5 na kidogo, M10 ni nene kwa karibu nusu milimita, na nafasi kati ya thredi nayo ni tofauti. Hedi, yaani vifuniko vya juu vya silinda ambamo boliti hizi huingia, ni za aluminiamu. Ukiilazimisha na spana ndefu itaingia, na siku ya kuifungua itatoka na thredi zote. Muuzaji akikosa za inchi, mshukuru uende duka la pili.

Sasa tatizo lenyewe. Manifoldi ilipowekwa juu ya gasketi ya bonde, ile ya bati inayoziba nafasi kati ya safu mbili za silinda, boliti za upande wa kulia ziliingia kwa vidole. Upande wa kushoto hakuna hata moja iliyoshika. Nikachungulia kwenye tundu kwa tochi ya simu: thredi za hedi zilionekana kipande chembamba tu kama mwezi mwandamo, kwa upande wa chini, kingine chote kimezibwa na bati na chuma. Tukageuza, tukaanza na kushoto. Kushoto kukakubali, kulia kukakataa.

Fundi akashaleta drili. "Bosi, hii tunapanua tu, inaingia." Nikamwambia asubiri. Kupanua ni dawa ya tundu lililotobolewa vibaya. Tundu moja likiwa pembeni na mengine yako sawa, huo ni uzembe wa aliyetoboa. Lakini matundu yote ya upande mmoja yakipanda kwa kiasi kilekile, na ukibadilisha upande wa kuanzia tatizo linahama, basi matundu hayana kosa. Ni manifoldi nzima haijakaa mahali pake. Ukipanua, boliti zitaingia kweli, lakini njia za hewa za manifoldi na za hedi bado zitapishana, na gasketi itabanwa vibaya. Kwenye injini hii hata maji ya kupoza hupita kwenye manifoldi, na chini yake ni bonde lenye oili. Maji yakipata upenyo pale, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo nikaenda Eneo la Viwanda, kwenye karakana moja ndani kidogo ya Enterprise Road inayoskimu hedi (kuchonga uso wake ukae bapa) na kutoboa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Mzee wa mashine hakutaka hata kuishika manifoldi. "Nikikata chuma ambacho sijui kwa nini nakikata, nitakuharibia mara mbili." Akaja nyumbani kwa boda boda, begani mfuko wenye rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo). Hapo ndipo nyota zake nyingi zilipotoka.

Alitoa gasketi, akaiweka manifoldi kavu, akaanza kupitisha fila geji kwenye kona nne, juu na chini ya kila flanji. Kisha akainama na tochi kutazama ukingo ambapo hedi inakutana na bloku. Akauliza, "Hizi hedi zimeskimiwa lini?" Mimi gari nililinunua likiwa hivyo. Akanionyesha gasketi za hedi: ni zile nyembamba za bati, si zile nene za kisasa. Hedi zilikuwa zimekatwa, na hakuna kilichorudisha kimo chake.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu sijawahi kuyasikia kwa lugha nyepesi vile. Kwenye V ya nyuzi 90, kila hedi imelala kwa nyuzi 45. Ukiikata milimita 0.7, haishuki wima tu. Inashuka kama nusu milimita na inasogea kuelekea katikati nusu nyingine. Hedi ya pili nayo hivyohivyo. Bonde linakuwa jembamba kwa karibu milimita nzima, na manifoldi ambayo iliundwa kwa bonde la kiwandani inakwama juu, matundu yake yakiwa juu ya matundu ya hedi. Ukiweka gasketi nene za hedi, mambo yanaweza kugeuka: hedi zinapanda, bonde linapanuka, manifoldi inazama. Kwa hiyo mtu anayesema manifoldi fulani "haiingii kwenye V8 za Rover" amejaribu kwenye injini moja yenye historia yake.

Kazi yenyewe kwenye mashine haikuwa ya ajabu. Alikata flanji zote mbili kwa kiasi sawa, kidogo kidogo, akijaribu kati ya mkato na mkato. Kiasi cha kukata hakilingani moja kwa moja na kilichotoka kwenye hedi, kinategemea pembe ya uso wa flanji, ndiyo maana hakuamini hesabu peke yake. Alikuwa mkali kwenye jambo moja: kinachokatwa ni manifoldi. Hedi haiguswi, na thredi za hedi hazihamishwi. Manifoldi ukiiharibu unanunua nyingine.

Iliporudi, boliti zote zilishika kwa vidole isipokuwa moja, ya pembeni nyuma. Hiyo kweli ilikuwa kosa la muuzaji, tundu limetobolewa pembeni. Hapo sasa tupa ya duara ilikuwa na haki yake. Alilirefusha tundu kuelekea upande mmoja tu, ule unaohitajika, badala ya kulipanua pande zote, kisha akaweka waasha nene ya chuma kigumu ili kichwa cha boliti kisizame kwenye aluminiamu. Tupa ilipigwa manifoldi ikiwa mezani, mbali na injini. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakipiga tupa juu ya injini iliyo wazi, unga wa aluminiamu ukimwagika kwenye bonde, halafu wanapuliza kwa kompresa.

Kufunga: silikoni kidogo kwenye pembe nne ambapo hedi inakutana na bloku, vibano vya mbele na nyuma vya gasketi vishike bila kukazwa, boliti zote za manifoldi zianzishwe kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Kisha unaanza katikati kwenda nje, ukivuka upande hadi upande, kwa awamu, mpaka kama 38 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Vibano mwisho. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, pitia tena boliti zote, kwa sababu gasketi hulala kidogo.

Kupima ndiko wengi wanakuruka. Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, ilisoma kama inchi 14 za zebaki injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na jirani yangu akatangaza kuna mahali panavuta hewa, maana vitabu vinasema 17 hadi 21. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, na kila futi elfu moja inakula takribani inchi moja ya geji. Inchi 14 hapa ni injini yenye afya, na sindano ilitulia. Nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta pembezoni mwa flanji, injini ikiwa baridi na kizima moto karibu, mlio haukubadilika. Lakini dawa haifiki upande wa bondeni, chini ya manifoldi. Huko unapima hivi: ziba njia zote za injini kupumua, iache inguruma, weka kiganja kwenye mdomo wa kujazia oili. Ikisukuma kidogo ni sawa. Ikivuta kiganja, manifoldi inanyonya kutoka bondeni, na moshi wa bluu uko njiani. Yangu ilisukuma.

Nusu nyota niliyoikata ni ya usafi. Manifoldi ilirudi na chembe za chuma kwenye njia za maji, nikaiosha mwenyewe kwa maji ya sabuni na brashi ya chupa mpaka povu likatoka jeupe. Risiti pia ilibidi niiombe zaidi ya mara moja. Malipo ya mashine na safari yake yalikuwa shilingi elfu nane kwa M-Pesa, bila kupandishwa mwishoni.

Mkienda kwa karakana za aina hii, pelekeni gasketi mpya mtakayoitumia pamoja na manifoldi, na muende mwanzoni mwa wiki. Ijumaa meza yote imejaa hedi za matatu zinazotakiwa barabarani Jumamosi, na kazi yako ya burudani itawekwa chini ya meza.