Bodaboda ya Siku Nzima Kisiwani Mafia: Kutoka Kilindoni hadi Rasi Mkumbi

Mgeni anayefika Mafia kwa kawaida huelekezwa moja kwa moja Utende, kwa kuwa huko ndiko kwenye hoteli za ufukweni na lango la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na barabara ya lami ya takriban kilomita 14 humfikisha bila taabu. Huduma ninayoieleza hapa ni ya upande wa pili, yaani kukodi bodaboda pamoja na dereva wake pale Kilindoni na kwenda nayo kaskazini hadi Rasi Mkumbi.

Umbo la kisiwa ndilo linaloipa huduma hii thamani. Mafia ni kisiwa chembamba, chenye urefu wa kilomita zipatazo 50, na Kilindoni uko upande wa kusini-magharibi. Kwa hiyo anayetaka kukijua hana budi kukipita karibu chote. Zamani makao ya serikali yalikuwa kwenye kisiwa kidogo cha Chole, hadi mwaka 1913 Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni, ambako vyombo vikubwa vilipata maji ya kutosha kutia nanga, na mpaka leo safari nyingi za kisiwani huanzia hapo.

Kupita Baleni hadi Kirongwe, katikati ya minazi na mikorosho, njia haikutusumbua. Mbele ya hapo changarawe ilipungua na mchanga ukazidi, na hapo ndipo nilipouona ustadi ninaoulipia. Dereva alisimama, akaminya vali ya gurudumu la nyuma kwa ncha ya ufunguo, akapunguza upepo ili tairi litanuke lisizame mchangani, kisha tulipofika penye udongo mgumu akatoa pampu ya mkono aliyokuwa ameifunga chini ya kiti na kulijaza upya. Kijiji kimoja kabla ya Bweni alimwamkia mzee aliyekuwa akifua nazi kando ya njia.

"Shikamoo, mzee. Huko mbele kunapitika?"

"Marahaba, mwanangu. Shikeni njia ya juu, ya chini ina maji."

Gari la kukodi, hata likiwa imara, halimpi abiria maarifa ya namna hii, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kutosha kuchagua bodaboda. Tulifika salama kwenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, nikapata muda wa kutosha kuizunguka rasi bila kuharakishwa.

Kasoro yake ni kubwa, nami siwezi kuipuuza: kofia ngumu ya abiria haikuwa na kifungo cha kidevuni, na kofia isiyofungwa haimlindi mtu anapoanguka. Dereva mwenye busara kiasi hiki barabarani anapaswa kumjali abiria kwa kiasi hicho hicho. Ikague kofia kabla ya kupatana bei, uliza kama pampu ipo, na mwambie dereva ajaze tangi Kilindoni. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nisingeipendekeza safari hii kwa mwenye mgongo mbovu wala kwa mwenye mtoto mdogo. Miezi mingine, ondokeni saa moja asubuhi, ili muurudie mchanga wa kaskazini kabla jua halijatua.